Breki Zilikuwa Miguu Yangu

Mwezi uliopita tulimzika Nestori, na wasifu wake ukasomwa nyumbani kwake Shanwe mbele ya watu waliojaa mpaka barabarani. Kijana aliyeusoma ni mtoto wa kaka yake, ana sauti nzuri na suti nzuri, sina ugomvi naye. Alisoma marehemu alizaliwa wapi, akabatizwa wapi, akaoa nani, kisha akafika kwenye ujana wake na kusema marehemu alikuwa bingwa wa baiskeli, aliyewahi kushinda mbio za kuteremka Mlele hadi Usevya "akiwa na mzigo wa mtu mmoja nyuma." Watu wakaguna kwa kumsifu. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, goti linaniuma, nikasimama. Nikasema, "Samahani, baba. Huo mzigo ni mimi, na naitwa Leokadia." Binti yangu akanivuta gauni. Yule aliyekuwa anaendesha ratiba akasema, "Bibi, tunaomba ukae, muda umetubana." Nikakaa kwa heshima ya jeneza, siyo kwa heshima yake. Nestori mwenyewe angekuwa hai angecheka mpaka akohoe. Sasa hapa nilipo hakuna wa kunivuta gauni wala wa kunibana na muda, nitalisema lote.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilikubali na mpunga wa Usevya ukajaa mpaka watu wakawa wanalala nao vyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi kwa masenge Verediana, dada yake baba. Kwetu shangazi ni masenge, na sijawahi kumwita vinginevyo. Alikuwa na mgahawa karibu na mashine ya kukoboa. Nikisema mgahawa usifikirie makubwa: chumba cha udongo chenye mabenchi mawili na meza iliyopigiliwa na fundi mlevi, jiko nyuma, na kati ya chumba na jiko pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja. Mimi nilipika nyuma ya magunia hayo, na kila kilichosemwa mbele nilikisikia. Wanaume walidhani gunia ni tofali. Walikula wali wa mpunga mpya na kambale wa kukausha kutoka Rukwa, wakilamba vidole, huku wakisema ya wake zao, ya majirani zao na ya kwetu sisi tuliowapikia. Masenge aliniambia nijifanye sisikii. Nilijifanya, lakini sikusahau hata neno moja.

Wateja wetu wakubwa walikuwa vijana wa asali. Juu ya Mlele ni miombo mitupu, na Wakonongo wa huko wanawajua nyuki. Vijana walipandisha mchele wakisukuma baiskeli, wakateremsha asali kwenye madumu wakiwa wamepanda. Kupanda mlima ni jasho tu. Kuteremka ndiko kulikokuwa na kesi. Zile baiskeli nzito za Kichina breki zake ni vipande vya raba vinavyobana rimu, na kwenye mteremko ule, na madumu ya asali pembeni, raba zilikuwa zinaisha hujafika hata katikati. Basi waliking'oa kitu chote hicho, wakang'oa na madigadi ya nyuma, halafu juu ya keria akakaa mtu. Mtu huyo alivaa katambuga, ndala za tairi la gari, na kazi yake ilikuwa kulibana tairi la nyuma kwa nyayo zote mbili, mguu huku na mguu huku. Akibana kupita kiasi gurudumu linagoma, mnalala chini na asali yenu. Akibana kidogo mnaruka korongoni. Na akiteleza kisigino kikashuka, spoki zinakula mguu. Mpaka leo nikiona vijana wa mjini wamevaa helmeti, wana breki za kushika kwa kidole kimoja, wakijisifu wameshuka kilima, nanyamaza kwa adabu tu.

Nestori alikuwa mmoja wa vijana hao, mrefu, mwenye maneno, anayecheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Siku moja alikuja kula amenuna kwa sababu mwenzake wa nyuma alishikwa na malaria. "Mama," akamwambia masenge, "nitafutie mtu. Asali ya watu iko juu na mimi sina miguu ya kusimamia." Nikajibu mimi, nyuma ya magunia: "Nitaenda." Masenge akafunua gunia akanitazama. "Utaenda wapi wewe? Mtoto wa kike anakaa upande kwenye baiskeli, na kitenge kimefungwa. Breki ya upande umeiona wapi?" Nikamwambia, "Ndiyo maana nitatagaa, masenge." Loo! Alishika kichwa. "Mwana wanje, mwanangu, unataka nikatengwe kanisani?" Kesho yake nilivaa suruali kuukuu ya marehemu mume wake ndani ya gauni, nikaenda. Hakunikataza tena. Alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa na kuniambia nikivunjika nisirudi kulalamika kwake.

Safari ya kwanza nililia, sioni aibu kusema, ila nililia bila kuachia tairi. Ya pili sikulia. Mvua za mwisho zilipokata, nilikuwa naujua mteremko ule kwa nyayo: pale penye kokoto unabana kidogo kidogo kwa kuachia, penye mchanga usiguse kabisa, penye mizizi ya miti unabana kabla, siyo juu yake. Watu wanadhani aliyeshika usukani ndiye anayeendesha. Nestori alichagua njia, sawa, na macho yake yalikuwa ya ajabu. Lakini mwendo ulikuwa wangu. Nikitaka tukimbie tulikimbia, nikitaka tutambae tulitambaa, na yeye kazi yake ikawa kupiga kelele tu. "Achia, Leo, achia!" Naachia nikitaka. Huku nyuma ya magunia niliendelea kusikia. "Yule binti wa mama Verediana anakaa kama dume, atamwoa nani?" Na mwingine akijibu, "Labda Nestori, si kashamzoea mgongo?" Wakacheka. Siku hiyo niliwapelekea wali wenye chumvi ya kutosha ng'ombe. Mwenye swali alikula wote kwa aibu ya kuniuliza.

Sasa lipo jambo moja la mteremko ule lazima nilieleze, maana bila hilo hakuna mbio. Katikati ya mlima kinakatiza kijito, maji ya baridi kifundoni. Ukifika pale katambuga zimechemka mpaka unanusa raba inaungua, na nyayo zako ndani yake zinaomba huruma. Desturi ya vijana wote wa asali ilikuwa kusimama na kuzichovya majini, chwaaa, moshi unatoka. Waliita kunywesha viatu. Kisha huondoki hivi hivi, unakaa juu ya jiwe, mnavuta sigara, mnakula muhogo, mnasema uongo kidogo, ndipo mnaendelea. Wote tulidhani kile kikao ni cha kupumzika miguu. Siku moja wingu lilitukimbiza, tukachovya tukaondoka papo hapo bila kukaa. Mbele kidogo ya kijito kuna kona kali tuliyoiita Kona ya Kuku, kwa sababu muuza kuku mmoja alimwaga matenga yake yote pale. Nilibana, na tairi halikushikika. Nyayo ziliteleza juu yake kama nimezipaka mafuta. Tulipona kwa kujitupa ukutani mwa mlima, upande wa ndani. Nestori alinitukana. Nilimwambia, "Maji ndiyo yaliyotelezesha, siyo mimi. Siku zote katambuga zinakauka tukiwa tumekaa." Akasema ninatafuta sababu, wanaume wamenywesha viatu pale tangu yeye hajazaliwa.

Mavuno yalipoiva akaja Mzee Hilali, mfanyabiashara kutoka Mpanda mjini, kufungua duka Usevya. Alitaka duka lake lijulikane, basi akaning'iniza mlangoni baiskeli ya gia. Hatukuwahi kuiona. Matairi yenye meno, rangi nyekundu, breki za mkononi, mbele gia, nyuma gia. Watoto waliigusa na kukimbia. Akatangaza mbio: kutoka juu Mlele mpaka mlangoni pake, na kila baiskeli lazima iwe na mzigo, mtu au madumu, kwa sababu baiskeli tupu kila mtu anaweza. Atakayefika kwanza anaondoka na ile nyekundu. Nilisikia yote kutoka jikoni, mwiko mkononi. Nilitaka mbio zile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Siyo baiskeli. Nilitaka jina langu litamkwe mlangoni pale, mbele ya midomo ile ile iliyokuwa inanisema huku ikitafuna wali wangu.

Nestori akaja jioni, hakukaa. Akasimama mlangoni mwa jiko anaangalia chini. "Leo," akasema, "kwenye mbio nimeongea na kaka. Atakaa yeye." Nikamuuliza kwa nini. "Watu watasema. Na mwanaume ana nguvu za kubana." Nikamwambia, "Sawa. Kesho teremka naye. Mkifika chini wazima, mimi nitawapigia makofi." Akateremka naye kesho yake. Kaka yake ana miguu kama mihimili, na alilibana lile tairi kuanzia juu kabisa, hakuachia hata penye tambarare, mpaka likapasuka na wakamaliza mlima wakisukuma. Walipita mgahawani jua linazama, wamejaa vumbi. Nilikuwa nimekaa nje nachambua mchele. Nestori akaegesha baiskeli, akachukua ungo mwingine, akakaa kuchambua pembeni yangu. Baadaye sana akasema, "Jumamosi tuondoke asubuhi." Nikamjibu, "Kwa sharti. Mwendo nasema mimi, na hapo hakuna mjadala." Akakubali, huku akinung'unika.

Juu ya Mlele siku ile palikuwa na baridi na harufu ya nta. Washindani wetu hasa walikuwa Kulwa na Doto, mapacha wa Kisukuma, Kulwa usukani na Doto nyuma, watu waliokuwa wanaelewana bila kusema. Doto aliponiona na suruali yangu chini ya gauni akasema, "Nestori, umebeba jiko?" Wote wakacheka. Nikamwambia, "Ngoja uchelewe, utaliona jiko kwa mgongo." Mtu wa Mzee Hilali akapuliza filimbi, tukaondoka. Sitaki kudanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Lakini hofu ya mwili ni jambo moja na miguu ni jambo jingine, na miguu yangu ilikuwa inajua kazi. Kokotoni nilibana na kuachia, bana, achia. Penye mizizi nilibana kabla. Baiskeli moja ililala pembeni, tukaipita, nyingine ikagonga kichuguu. Tulipokaribia kijito mapacha walikuwa mbele yetu, vumbi lao linatuingia mdomoni, na nyayo zangu zilikuwa zinaungua kweli kweli, siyo mfano.

Kulwa na Doto wakasimama majini. Doto akachovya, chwaaa, moshi. Na Nestori naye akaanza kupunguza kwa kuburuza mguu. "Chovya upesi, Leo!" Nikamwambia, "Pita." Akasema, "Utaungua!" "Miguu ni yangu. Pita, nimesema!" Nikainua nyayo juu zisiguse hata tone, na nikamuona anavyosita, mgongo wake wote ulikuwa unasita. Kisha akatukana kwa Kikonongo, akainama, akapita. Tukawaacha mapacha majini. Mbele ya Kona ya Kuku nilianza kubana mapema, na hapo nikajua moto ni nini. Katambuga ya kushoto ilikuwa imelika mpaka ikabaki kama jani. Nikasikia ngozi yangu mwenyewe. Nililia kwa sauti, naam, nililia tena kama siku ya kwanza, na tena sikuachia. Mara nyuma yetu kelele, mapacha wanakuja. Walitupita kwa kasi ambayo mtu mwenye akili haitaki. Nilimuona Doto uso kwa uso, macho yamemtoka, nyayo zake zinateleza juu ya tairi na maji yanaruka. Kona ikakunja kushoto. Wao wakaenda moja kwa moja, wakazama kwenye miiba. Sisi tukakunja, gurudumu la nyuma likisugua ukingo wa korongo, mawe yakidondoka, na tukatokea upande wa pili tuko juu ya matairi mawili. Nestori akapaza sauti bila kugeuka, "Nyie! Mko wazima?" Likarudi tusi refu la Kisukuma. Basi tukajua ni wazima.

Tulifika mlangoni kwa Mzee Hilali peke yetu. Watu walipiga vigelegele, Nestori akabebwa juu. Mimi nilijaribu kushuka, mguu ukakataa, nikaanguka pale pale nilipokuwa. Masenge alinijia na beseni la maji, akaikata katambuga na kisu, na alipouona unyayo akafunga macho. "Mwana wanje," akasema, "mwana wanje, umejifanya nini?" Mzee Hilali akashika kipaza sauti. Akasema mshindi ni Nestori. Makofi. Akasema mshindi atachukua baiskeli ya gia. Makofi zaidi. Halafu akacheka akasema, "Na mzigo wake nao usitoke mikono mitupu, tumpe khanga!" Wakacheka wote, na kijana akanitupia doti ya khanga mapajani, mguu wangu ukiwa kwenye beseni.

Nikaikunja vizuri ile khanga. Nikaiweka chini. Nikamwambia Mzee Hilali kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mzee, shikamoo. Mwambie huyu mshindi wako apande tena Mlele, achukue madumu ya asali, ashuke mwenyewe, nyuma pasikae mtu. Akifika hapa na meno yake, baiskeli ni yake na mimi nitavaa khanga." Wale wa wali wangu walikuwa wamejaa pale, midomo wazi. Mzee Hilali akamgeukia Nestori. "Haya, kijana. Unaweza?" Na hapa ndipo namheshimu Nestori mpaka kaburini, na ndipo nilitaka kijana wa suti aseme. Alikuwa juu ya mabega ya watu. Akasema, "Nishusheni." Wakamshusha. Akasema, "Siwezi, mzee. Hata kona ya kwanza nisingefika. Mimi nilikuwa nageuza usukani tu. Mwendo wote ulikuwa wa huyu." Kaka yake akamvuta shati, Nestori akauondoa mkono wake. "Mtaje," akasema, "taja jina lake." Mzee Hilali alikohoa, akatazama umati, akaona umeanza kunung'unika, na yeye alikuwa mfanyabiashara. Akainua kipaza sauti. "Washindi," akasema, "ni Nestori na... wewe binti, unaitwa nani?" "Leokadia!" Masenge ndiye aliyejibu, tena alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Sasa baiskeli ni moja," Mzee Hilali akalalamika, "niikate kwa shoka?" Nikasema nileteeni kwanza niipande. Masenge akasema, "Kwa mguu huo? Kaa chini!" Sikukaa. Nikafunga unyayo kwa kile kitambaa cha mihogo, Nestori akanishikia kiti, nikakamata usukani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakanyaga pedali. Ilikuwa nyepesi ajabu. Watu wakapisha njia, wanaume kwa wanawake, na barabara ikashuka kidogo kuelekea majarubani. Mwendo ulipozidi miguu yangu ikatafuta tairi la nyuma kwa mazoea, haikulipata, nikakumbuka ina breki mkononi, nikabana ya mbele kwa nguvu zangu zote. Niliruka juu ya usukani kama gunia, nikatua kifua chini kwenye tope la mpunga. Usevya nzima ilicheka. Kulwa na Doto, ndio kwanza wanafika, wamejaa miiba mpaka masikioni, walicheka kuliko wote. "Shuka, Leokadia!" masenge alikuwa anapiga kelele barabarani. "Mwana wanje, imetosha, shuka!" Nilikuwa nimeshashuka, nani asiyeona. Nikatema tope, nikaivuta ile baiskeli kwa pembe zake, nikaigeuza ielekee juu, mbele ya wote, nikapanda tena.